Linta moja, repo tisa: tuiite kwa njia ipi?

Shilingi ya Uganda haina senti. Kwenye ISO 4217, orodha ya kimataifa ya sarafu, UGX imepewa desimali sifuri, kama faranga ya Rwanda na ya Burundi. Shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina desimali mbili. Aliyezoea kuandika programu za malipo kwa KES huzidisha kiasi kwa mia kabla ya kukituma kwa mtoa huduma anayefuata orodha hiyo. Akilinakili faili lilelile kwa ajili ya wateja wa Kampala, mnunuzi wa kitu cha 15,000 atadaiwa 1,500,000.

Kosa hilo lilitupata. Sisi ni watu sita, ofisi yetu ipo Ntinda, Kampala. Wawili wametoka Goma, mmoja Arusha, na Kiswahili ndicho tunachoelewana nacho sote. Tulilirekebisha siku hiyohiyo, kisha tukaandika kanuni ndogo ya linta (programu ya kukagua msimbo) inayokataa msimbo wowote unaozidisha kiasi cha UGX kwa mia. Tuliitia kwenye repo tatu, yaani hifadhi tatu za msimbo, zilizokuwa mikononi mwetu wiki ile. Repo zote zilikuwa tisa. Miezi minne baadaye kosa likajitokeza tena kwenye repo ya saba, ambayo hakuna aliyekumbuka kuipelekea kanuni, na safari hii aliyeligundua alikuwa mteja.

Linta yenyewe tulikuwa tumeichagua zamani: ESLint kwa JavaScript, Ruff kwa Python. Kilichotushinda ni kuifikisha kila mahali na kuhakikisha inabaki ileile. Ndiyo maana nalinganisha hapa njia za kuifanya linta kuwa moduli moja ya paipulaini (mfululizo wa kazi zinazojiendesha msimbo unapobadilika), inayoandikwa mahali pamoja na kuitwa na repo zote. Nimefanya kazi na tatu kati ya hizi kwa muda wa kutosha kuzisema kwa uhakika, na mbili nyingine nitazipitia haraka.

Kwa msomaji mgeni wa jambo hili: linta ni programu inayosoma msimbo bila kuuendesha na kuonyesha palipo na kasoro. Ya kwanza, lint, iliandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs mwaka 1978 kwa ajili ya lugha ya C, na jina lilitokana na vile vinyuzi vidogo vinavyoganda kwenye nguo. ESLint ilianzishwa na Nicholas C. Zakas mwaka 2013. Ruff ilitoka mwaka 2022, imeandikwa kwa Rust, na ni nyepesi kiasi kwamba repo yetu kubwa kabisa ya Python huimaliza kabla sijatoa mkono kwenye kibodi.

Kunakili

Ukiwa na repo moja au mbili, nakili faili la YAML, lile linaloiambia paipulaini cha kufanya, na uendelee na kazi yako. Nasema hivyo kwa dhati. Moduli ni repo nyingine ya kutunza, na ina matoleo yake na hitilafu zake. Kwetu kunakili kulivunjika tulipofika repo ya nne hivi, na hatukujua kwamba kumevunjika mpaka tulipolinganisha mafaili tisa kwa programu ya kuonyesha tofauti. Tulikuta matoleo matano tofauti ya ESLint, na repo mbili ambazo linta ilikuwa ikikagua folda ambayo ilishafutwa. Zote mbili zilikuwa zikionyesha kijani, yaani zimefaulu.

Kitendo changamano na mtiririko wa kuitwa

GitHub Actions, paipulaini ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, inatoa njia mbili za kugawana kazi, na kwa nje zinafanana hata watu wengi huchagua kwa kubahatisha. Kitendo changamano ni furushi la hatua: faili la `action.yml` ambalo repo nyingine huliita kama hatua moja ndani ya kazi iliyopo tayari. Mtiririko wa kuitwa ni kazi nzima, au kazi kadhaa, iliyoandikwa ndani ya `.github/workflows` na kufunguliwa kwa neno `workflow_call`. Huu hauitwi kwenye hatua. Unaitwa pale ambapo kazi nzima ingekaa. Ulitangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya kawaida Novemba 2021.

Tazama wito wa kila mmoja. Kwanza kitendo changamano:

```yaml
jobs:
  majaribio:
    runs-on: ubuntu-latest
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - uses: kampuni/zana-ci/linta@v2
        with:
          folda: src
      - run: npm test
```

Halafu mtiririko wa kuitwa:

```yaml
jobs:
  linta:
    uses: kampuni/zana-ci/.github/workflows/linta.yml@v2
    with:
      folda: src
```

Wa pili ni mfupi na safi zaidi, nami niliupenda mara moja kwa sababu hiyo. Kisha nikakaa na kupiga hesabu ya dakika.

GitHub huhesabu muda wa kila kazi kivyake na kuuzungusha juu hadi dakika nzima. Linta yetu inachukua sekunde 20 hivi, pamoja na kuvuta msimbo. Ikiwa kazi inayojitegemea, sekunde hizo 20 zinalipiwa dakika moja. Repo tisa, misukumo kumi kwa siku kwa kila repo, siku 22 za kazi: dakika 1,980 kwa mwezi, kwa ukaguzi wa linta peke yake. Mpango wa bure unatoa dakika 2,000 kwa mwezi kwa repo za siri, na mpango wa Team unatoa 3,000. Kitendo changamano kikiwa hatua ndani ya kazi ya majaribio, ambayo kwetu huchukua dakika mbili na nusu na hivyo inalipiwa tatu, linta inaingia kwenye zile sekunde 30 ambazo tulikuwa tukizilipia bila kuzitumia. Gharama yake ya ziada ni sifuri. Kwa repo za wazi hesabu hii haina maana, kwa sababu mashine za kawaida za GitHub ni bure kwa repo za wazi. Lakini wengi wetu hapa tunaandikia wateja, na msimbo wa mteja hauwekwi wazi.

Tofauti ya pili ndiyo iliyoamua kwetu, na huipati mpaka umejikwaa nayo. Kitendo changamano kikiitwa, GitHub huvuta folda yake yote, pamoja na mafaili mengine yaliyomo. Ndani yake unayafikia kwa `github.action_path`. Kwa hiyo faili la mipangilio ya Ruff, kanuni zetu za ESLint, na ile kanuni ya UGX vinasafiri pamoja na kitendo. Mtiririko wa kuitwa haubebi kitu zaidi ya YAML yake. Ukiandika ndani yake hatua ya kuvuta msimbo, unaovutwa ni wa repo iliyoita, na folda ya kanuni uliyoiweka kwa uangalifu kando ya faili la mtiririko haionekani kabisa. Nilipoteza alasiri nzima kutafuta faili ambalo nililiona kwa macho yangu kwenye repo ya moduli lakini mashine ikisisitiza halipo. Unaweza kulizunguka tatizo hilo: vuta repo ya moduli mara ya pili kwa tokeni, yaani ufunguo, yenye ruhusa ya kuisoma, au toa kanuni zako kama paketi ya npm, ghala la paketi za JavaScript. Vyote viwili vinafanya kazi. Vyote viwili ni mzigo wa ziada.

Upande ambao mtiririko wa kuitwa unashinda ni mamlaka. Humo unaweka kila kitu mwenyewe: aina ya mashine, muda wa mwisho wa kazi, na ruhusa za tokeni. Linta haihitaji zaidi ya kusoma msimbo, kwa hiyo unaandika `contents: read` mara moja na repo zote tisa zinafuata, kwa kuwa mtiririko unaoitwa unaweza kupunguza ruhusa ulizopewa na aliyeuita, hauwezi kuziongeza. Tena anayeita hana namna ya kuuwekea `continue-on-error`, neno la kuendelea hata kukiwa na kosa, kwa kuwa neno hilo halikubaliwi kwenye kazi inayoita mtiririko. Kwenye kitendo changamano linakubaliwa, kwa sababu kile ni hatua tu kama hatua nyingine.

Hilo nalo tulilipata. Kijana mmoja wa timu, Ijumaa jioni, alikuwa na rekebisho la haraka na linta ikimzuia kwa makosa ya zamani ambayo hakuyaandika yeye. Aliongeza mstari mmoja, `continue-on-error: true`, akakusudia kuuondoa Jumatatu. Ulikaa wiki saba. Nilipomuuliza aliniambia, "Dada, nilidhani ukiwa mwekundu ungeniambia." Alikuwa sahihi kutegemea hivyo, na kosa lilikuwa la mpangilio wetu. Siku hizi paipulaini ya repo ya moduli hupita usiku kwenye repo zote kutafuta neno hilo kando ya wito wa linta.

Kuhusu siri, yaani nywila na funguo zilizohifadhiwa kwenye repo: kitendo changamano hakioni siri za repo moja kwa moja, lazima uzipitishe kama ingizo. Mtiririko wa kuitwa unaweza kuzirithi zote kwa `secrets: inherit`. Kwa linta usirithishe chochote. Kazi ya kusoma msimbo haina haja ya nywila ya hifadhidata.

Kuna mtego mmoja wa mtiririko wa kuitwa ambao lazima niutaje kwa sababu ulitusimamisha asubuhi nzima. Jina la ukaguzi linaloonekana kwenye ombi la kuunganisha (ombi la kuingiza msimbo mpya kwenye repo) huundwa na majina mawili: la kazi iliyoita na la kazi iliyoitwa, kwa mfano `linta / kagua`. Ukiwa umelazimisha ukaguzi huo ufaulu kabla ya kuunganisha, halafu mtu akabadilisha jina la kazi ya ndani kwenye moduli, kila repo itaendelea kusubiri ukaguzi wenye jina la zamani ambao hautakuja kamwe. Hakuna chekundu wala kijani, ni kusubiri tu. Mimi ndiye niliyebadilisha jina, kutoka `kagua` kuwa `ukaguzi`, nikiona linasomeka vizuri zaidi. Tangu hapo tunalihesabu jina la kazi ya ndani kuwa sehemu ya mkataba wa moduli: likibadilika, namba kuu ya toleo inabadilika.

Komponenti ya GitLab

GitLab, mshindani wa GitHub, ilikuwa na `include` tangu zamani, yaani kuleta faili la YAML kutoka repo nyingine. Tangu toleo 17.0, Mei 2024, komponenti zimekuwa sehemu rasmi: unaandika kiolezo kwenye folda ya `templates`, unakipa maingizo yenye aina na thamani za awali, unakitolea matoleo yenye namba.

```yaml
include:
  - component: $CI_SERVER_FQDN/kampuni/zana-ci/linta@2.1.0
    inputs:
      folda: src
```

Nayapenda maingizo yake kuliko ya GitHub. Yanakaguliwa paipulaini inapoundwa, kabla mashine yoyote haijaamka, kwa hiyo aliyekosea jina la ingizo anajua mara moja. Ruff nayo ina tokeo la aina ya `gitlab`, ambalo ukilikabidhi kama ripoti ya ubora wa msimbo, makosa mapya hujitokeza kwenye ukurasa wa ombi la kuunganisha bila mtu kufungua kumbukumbu za kazi. Ukiwa GitHub, tokeo la `github` hufanya kazi inayofanana: huweka alama kwenye mistari yenye kasoro.

Mafaili hayasafiri, sawa na mtiririko wa kuitwa. Wanaotumia GitLab kwa kawaida hutatua hilo kwa kuziweka kanuni ndani ya imeji ya kontena, na kusema kweli ni suluhisho zuri: imeji ina linta, toleo lake na kanuni zake, vyote vimefungwa pamoja, na mtu anaweza kuiendesha kwenye laptopu ikatoa jibu lilelile.

Udhaifu wake ni kwamba YAML iliyoletwa huchanganywa na ya aliyeileta, na ya aliyeileta ndiyo hushinda. Mtu akiandika kazi yenye jina lilelile na kuiongezea `allow_failure: true`, linta imeshalegezwa. Ni tundu lilelile la Ijumaa jioni, kwa sura nyingine.

Kwa pesa, GitLab inahitaji kuangaliwa kwa makini pande mbili. Mpango wa bure kwenye GitLab.com una dakika 400 tu kwa mwezi, na kundi la siri la mpango huo halizidi watu watano. Sisi ni sita. Lakini dakika za mashine yako mwenyewe hazihesabiwi, na mpangilio wa kukataa kuunganisha mpaka paipulaini ifaulu upo hata kwenye mpango wa bure. Kwenye GitHub, kulazimisha ukaguzi kwenye repo ya siri kunahitaji mpango wa kulipia. Team ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi, dola 24 kwa sisi sita, na hukatwa kwa kadi. Timu ya watu watatu wanaoanza pale Kamwokya au Wandegeya, yenye kompyuta moja ya mezani ya kuendeshea kazi, itapata kwenye GitLab lango la lazima bila kulipa chochote. Kumbuka tu kwamba kompyuta hiyo umeme ukikatika foleni yote inasimama. Kama huna betri ya akiba, weka mashine hiyo kwenye seva ya kukodi.

Kwa ufupi wa macho:

| | Kitendo changamano | Mtiririko wa kuitwa | Komponenti ya GitLab |
|---|---|---|---|
| Huitwa wapi | ndani ya kazi iliyopo | mahali pa kazi nzima | kwenye `include` |
| Dakika | huingia kwenye kazi iliyopo | kazi mpya, hadi dakika nzima | muda wa kazi. Mashine yako haihesabiwi |
| Kanuni zako husafiri nayo? | ndiyo | hapana | hapana, tumia imeji |
| Anayeita anaweza kuilegeza? | kwa mstari mmoja | kwa shida | kwa mistari miwili |
| Lango la lazima, repo ya siri | mpango wa kulipia | mpango wa kulipia | bure |

Jenkins, na mafurushi makubwa

Jenkins, programu ya paipulaini unayoisimika kwenye seva yako mwenyewe, bado ipo kwenye taasisi nyingi ambazo msimbo wake hauruhusiwi kutoka nje ya jengo. Moduli yake ni maktaba ya pamoja: unaandika `vars/linta.groovy`, na repo inaiita kwa `@Library('zana@v2') _` kisha `linta()`. Inabeba mafaili vizuri, kupitia folda ya `resources` na amri ya `libraryResource`. Ila ni lugha ya Groovy, na maktaba ya jumla huendeshwa kwa kuaminiwa, nje ya uzio wa usalama, kwa hiyo anayeweza kuiandika anaweza kuifanyia seva atakalo. Ukiwa tayari na Jenkins, itumie. Usiisimike kwa ajili ya linta.

Super-Linter na MegaLinter ni mafurushi yaliyokusanya linta kadhaa kadhaa ndani ya imeji moja ya kontena. Yanafaa kuonja: siku moja unajua repo yako ina kasoro gani katika YAML, Dockerfile, skripti za Bash na kadhalika. Ila imeji kamili ni gigabaiti kadhaa. Kwenye mashine ya wingu hilo ni la kusubiri tu, na kuna imeji zilizopunguzwa. Kwenye laptopu ya mtu anayenunua bando mwenyewe ni jambo jingine. Tangu Julai 2021 data ya intaneti hapa Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, na sitamwomba mwenzangu alipie gigabaiti hizo ili ajue kwamba ameacha nafasi mwishoni mwa mstari.

Nani anabadilisha toleo, na lini

Hapa ndipo ningemwomba anayechagua akae zaidi ya kwingine. Moduli ya pamoja ina nguvu ya kueneza kanuni ya UGX kwenye repo tisa kwa siku moja. Nguvu hiyohiyo hueneza kosa kwenye repo tisa kwa siku moja.

Aprili 2024 ESLint 9 ilitoka, na muundo mpya wa mipangilio ukawa wa kawaida. Mafaili ya `.eslintrc` yakaacha kusomwa usipoyaomba. Repo zetu mbili zilikuwa zikiita `npx eslint` bila toleo lolote kutajwa. Hakuna aliyegusa msimbo, lakini zikawa nyekundu. Kwa hiyo funga toleo la linta ndani ya moduli, mpaka namba ya mwisho. Linta mpya huja na kanuni mpya, na kanuni mpya kwenye msimbo wa zamani ni makosa mapya ambayo hakuna aliyeyapangia muda.

Toleo la moduli yenyewe ni suala la pili. Ukiiita kwa `@main`, yaani tawi kuu, kila badiliko linafika mara moja, likiwa zuri au baya. Ukiiita kwa tagi, yaani lebo ya toleo, kama `@v2`, anayeitunza moduli ndiye anayeamua lini tagi isogezwe. Ukiiita kwa SHA, ile namba ndefu ya komiti (badiliko moja lililohifadhiwa), hakuna kinachobadilika mpaka repo yenyewe ibadilishe.

Kwa moduli za watu wengine tumia SHA, bila mjadala. Machi 2025 kitendo kinachoitwa tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na repo zaidi ya 23,000, kilidukuliwa. Wadukuzi walizisogeza tagi zake za matoleo zikaelekea kwenye komiti yenye msimbo wa kuchapa siri ndani ya kumbukumbu za kazi. Walioita kwa tagi waliupokea msimbo huo bila kubadilisha herufi hata moja. Kitendo hicho hutumiwa sana kando ya linta, kwa sababu kazi yake ni kuorodhesha mafaili yaliyobadilika ili linta ikague hayo tu. Nilikuwa nimekiweka kwenye moduli yetu kwa sababu hiyohiyo. Tuliponea kwa kuwa tulikifunga kwa SHA miezi kadhaa kabla, na siku ile niliwapigia simu watu watatu wa timu nyingine hapa mjini kuwaambia wabadilishe siri zao zote kabla ya kulala.

Kwa moduli yetu wenyewe tunatumia tagi kuu, `@v2`, na tumekubaliana: marekebisho na toleo dogo la linta husogeza tagi, kanuni mpya inayoweza kuifanya repo kuwa nyekundu inasubiri `v3`. Dependabot, roboti ya GitHub ya kusasisha matoleo, hufungua ombi la kuunganisha kwenye kila repo toleo kuu likitoka, na mwenye repo analipokea akiwa na nafasi. Kanuni za pesa ndizo pekee tunazozipitisha kwa haraka bila kusubiri toleo kuu.

Kabla ya paipulaini

Chochote utakachochagua, amri inayoendeshwa kwenye paipulaini iwe ndiyo inayoendeshwa kwenye laptopu. Sisi tunatumia pre-commit, zana ya kukagua msimbo kwenye laptopu kabla haujahifadhiwa: repo ya moduli inatoa pia ndoano, yaani ukaguzi huo wenyewe, yenye mipangilio ileile, na kila repo inaitaja kwa `rev` moja. Mara ya kwanza inahitaji mtandao ili kujisimika. Baada ya hapo inafanya kazi hata nje ya mtandao. Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano. Tuliendelea kuandika msimbo majumbani. Wenye ndoano kwenye laptopu zao walirudi na kazi iliyokwisha kukaguliwa. Waliokuwa wakitegemea paipulaini peke yake walisukuma kazi ya siku tano kwa mpigo, na foleni ya makosa ikawachukua siku ya sita nzima.

Ndoano peke yake haitoshi, kwa kuwa `git commit --no-verify` huiruka. Ndoano ni ya kumwokolea mwandishi muda na bando, na lango ni la paipulaini.

Tulichochagua, na kwa nani kingefaa kingine

Tulichukua kitendo changamano. Kanuni zetu zinasafiri nacho, dakika hazizidi, na tundu la `continue-on-error` tumeliziba kwa ule ukaguzi wa usiku. Kama timu yako ina zaidi ya watu kumi na tano hivi, repo zenye wenyewe wengi, na bajeti ya dakika haikusumbui, chukua mtiririko wa kuitwa. Mamlaka yake juu ya mashine na ruhusa yatakuokoa mara nyingi, na kanuni zako zitoe kama paketi yenye toleo. Kama hamzidi watano na hamtaki kulipa kila mwezi, nendeni GitLab na imeji moja ndogo.

Ukianza, hakikisha kwanza kwamba repo ya moduli, ikiwa ya siri, imeruhusiwa kufikiwa na repo nyingine za shirika lako kwenye mipangilio yake ya Actions. Bila hivyo utaambiwa tu kwamba kinachoitwa hakikupatikana, na utadhani umekosea njia ya faili.

Halafu hamisha repo moja, uiache wiki nzima kabla ya kugusa ya pili. Kwenye msimbo wa zamani wenye makosa mamia, usimpe mtu kazi ya kuyasafisha yote. Ruff ina `--add-noqa`, na ESLint tangu toleo 9.24 ina `--suppress-all`: makosa yaliyopo yanaandikwa kuwa yanajulikana, na mapya ndiyo yanayozuiliwa. Kanuni ya UGX tu ndiyo hatukuiruhusu kunyamazishwa popote. Repo ya saba ndiyo tuliyoianza, na siku ya kwanza linta ilisimama kwenye mistari minne. Miwili ilikuwa ile tuliyokwisha kuirekebisha, iliyorudishwa kimakosa wakati wa kuunganisha tawi la zamani. Miwili mingine ilikuwa kwenye msimbo wa kurejesha pesa kwa mteja, ambao hakuna aliyekuwa ameufungua tangu uandikwe.